Namna ya Kufuatilia Neno Lililozaliwa na Mlio

Funga kamusi kwanza. Wanafunzi wangu wanaponijia na neno wanaloamini ni tanakali sauti, yaani neno lililoiga mlio, kwa kawaida huwa wameshapekua kila kamusi waliyoipata na kunakili maana zote, ila hakuna aliyetoka nje kumsikiliza mnyama mwenyewe. Kazi hii huanzia masikioni. Ukitaka kujua kwa nini ndege mmoja aliitwa epops na Wagiriki wa kale, upupa na Warumi na hudhud na Waarabu, kamsikilize ndege huyo asubuhi kabla jua halijawa kali. Sisi tunamwita hudihudi, jina tulilolipokea kutoka Kiarabu. Hapa Muheza huja kutembea chini ya michungwa, akidokoa udongo kwa mdomo wake mrefu uliopinda, na mlio wake ni wa chini, mfupi, wa kurudiarudia: hup-hup-hup, ananyamaza, hup-hup-hup tena.

Andika ulichosikia kwa herufi zako mwenyewe kabla hujasoma mwingine alisikia nini. Halafu ndipo uyaweke yale majina ya kale kando ya maandishi yako. Utaona Mgiriki na Mrumi wameishika p na kuirudia. Mwarabu hakuweza, kwa sababu Kiarabu hakina p. Akabaki na h na u, akairudia silabi, na mahali pa p akaweka d. Wakristo wa Misri, katika Kikopti, walimwita koukouphat. Ndege ni yule yule na mlio ni ule ule, lakini kila kinywa kiliuchukua kwa sauti kilizokuwa nazo. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuandika kwenye daftari: mlio hauingii katika lugha ukiwa mtupu, huvikwa sauti za lugha hiyo tangu siku ya kwanza. Mabadiliko ya baadaye yanaanza hapo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kilatini na Kigiriki nilivipata seminari, na Kiarabu nakiokota kwa jirani yangu, ustadh wa madrasa, tunapokaa barazani kwake akishatoka kuswali alasiri. Ninayoyaeleza hapa ndiyo njia ninayoifuata mwenyewe, na ndiyo ninayowapa vijana wanaotaka kuchimba maneno ya kale bila kudanganywa na masikio yao.

Chagua mnyama, uache vyombo kwa baadaye

Kondoo wa leo analia kama kondoo wa miaka 2,500 iliyopita. Huo ni msaada mkubwa, maana unakuwa na kipimo kisichosogea. Vyombo havikupi hakikisho hilo. Mshairi wa Kirumi Ennius aliandika kwamba tarumbeta lilisema taratantara kwa sauti ya kutisha. Virgil, mshairi mwingine wa Kirumi, alipouchukua mstari huo zaidi ya karne moja baadaye, alibakiza sauti ya kutisha na kuitupa ile taratantara. Tunaweza kusoma habari za tarumbeta hilo, ila hatuwezi kutoka nje kulisikia likipulizwa na askari wa Ennius.

Hata kwa wanyama, hakikisha ni wa nchi ile. Vyura wa Aristophanes, mtunzi wa vichekesho wa Athene ya kale, katika mchezo wake wa mwaka 405 KK, wanaimba brekekekex koax koax. Vyura wa mabonde yetu hawasemi hivyo, na mwanafunzi anaweza kudhani mshairi alikuwa anacheza tu. Chura wa madimbwi ya Ugiriki hulia hasa kwa mkwaruzo mrefu unaofuatwa na mikato mifupi. Tafuta rekodi ya chura wa kule, uisikilize ukiwa na mstari huo mbele yako.

Tenga mlio, jina na kitenzi

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nenda polepole. Kuna neno ambalo ni mlio wenyewe ulionukuliwa, kama mbwa wa Aristophanes anayesema au au katika mchezo wa mwaka 422 KK. Kuna jina lililotokana na mlio, kama kuku. Na kuna kitenzi, kama balare cha Kilatini, yaani kulia kama kondoo, au kunguruma kwetu. Haya matatu hayazeeki kwa mwendo mmoja. Mlio ulionukuliwa husahihishwa kila siku, maana mama anayemchezesha mtoto humsikia mbuzi akilia pale pale uani. Jina likishazoeleka, hakuna anayelilinganisha tena na mnyama. Linaingia kwenye mkondo wa lugha na kuchukuliwa na mabadiliko yale yale yanayobeba majina ya kuni, mawe na mito. Kitenzi hukaa katikati.

Kwa hiyo ukikuta lugha ambayo jina la ndege limeshaachana na mlio wake, usiseme haraka kwamba halikuwa tanakali. Pengine ni kongwe mno.

Varro, Mrumi aliyeandika kuhusu kilimo na ufugaji mwaka 37 KK, alilishughulikia jambo hili. Anasema Wagiriki waliwaita kondoo mēla kwa sababu ya sauti yao, na kwamba kwa sikio la Warumi kondoo hasemi me, anasema be; kwa hiyo wakasema baelare, na baadaye, herufi moja ikiwa imesuguliwa ikatoka, balare. Soma tena hilo neno lake, kusuguliwa. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita mtu huyu aliona kwamba kitenzi kilianza karibu na kondoo, kisha kikaenda mbali naye. Neno lake kuhusu asili ya mēla si la kulimeza hivi hivi. Lakini jicho lake kwa mwendo wa kitenzi lilikuwa kali, na ninampenda kwa hilo.

Kondoo wa Athene kama shahidi

Sasa nikueleze kwa nini kazi hii inafaa kufanywa kabisa. Hatuna rekodi ya sauti ya Mgiriki wa kale hata mmoja. Tuna herufi. Herufi zinakaa, matamshi yanahama, na baada ya karne nyingi watu husoma herufi zile zile kwa sauti nyingine kabisa. Mnyama ndiye aliyebaki palepale.

Cratinus, mtunzi wa vichekesho wa Athene katika karne ya 5 KK, ana mstari unaosema kwamba mpumbavu fulani anatembea akisema bē bē kama kondoo. Ameandika herufi mbili, beta na eta, mara mbili. Mgiriki wa leo akizisoma herufi hizo kwa matamshi ya siku zake, beta ni v na eta ni i. Atasoma vi vi. Jaribu kulitamka mbele ya zizi. Hakuna kondoo duniani anayelia vi vi, na hakuna mtazamaji wa Athene ambaye angecheka kusikia hivyo. Kwa hiyo siku ile beta ilikuwa b, na eta ilikuwa e iliyovutwa.

Jambo hili liliwahi kugombanisha watu. Wasomi wa Ulaya Magharibi walikuwa wamejifunza Kigiriki kwa Wagiriki waliokuja kutoka Mashariki, wakakisoma kwa matamshi ya wakati ule. Mwaka 1528 Erasmus, msomi wa Kiholanzi, alitoa kule Basel majadiliano yake kuhusu matamshi sahihi ya Kilatini na Kigiriki, akisema matamshi ya zamani yalikuwa tofauti. Vijana wasomi wa Cambridge, John Cheke akiwa mmojawapo, wakaanza kufundisha hivyo. Mwaka 1542 mkuu wa chuo hicho, Askofu Stephen Gardiner, akapiga marufuku matamshi hayo na kutangaza adhabu. Marufuku hayo hayakudumu, na watetezi wa matamshi ya kale humtaja kondoo wa Cratinus hadi leo.

Jifunze kugeuza kipimo namna hiyo. Mara ya kwanza unamtumia mnyama kueleza neno. Mara ya pili unamtumia mnyama kukagua matamshi ya maandishi. Plautus, aliyeandika michezo ya Kilatini karibu na mwaka 200 KK, ana mhusika anayeuliza kama waletewe bundi aendelee kusema tu tu, kwa kuwa wao wamechoka. Tu ni wewe kwa Kilatini, na watu pale walikuwa wakirushiana lawama, wewe, wewe. Utani huo hauwezi kusimama kama u ya Kilatini haikuwa sauti ya bundi, ndefu na ya midomo iliyoviringwa.

Ila usimtwishe mnyama mzigo usio wake. Kondoo anakuambia kwamba eta ilikuwa upande wa e na kwamba ilivutwa. Hawezi kukuambia mdomo ulifunguka kiasi gani. Kwa hilo itabidi utafute ushahidi mwingine, kama makosa ya waandishi wa kale wasiojua tahajia, ambayo mara nyingi yanasema kweli kuliko sarufi.

Na angalia nini kimetokea baadaye. Mgiriki wa leo akitaka kuandika mlio wa kondoo, anaandika mu na pi pamoja ili apate b, kisha epsilon. Matamshi yalipoiacha bē ya Cratinus ikiwa vi, watu walimsikiliza kondoo upya na kumwandikia herufi mpya.

Fuata jina lilivyochakaa

Hapa penda sana kazi ndogondogo, maana ndiyo yenye ukweli. Chukua kuku. Mzizi wake wa Kibantu una sura mbili kongwe, -kuku na -koko. Waganda wanasema enkoko, Wanyarwanda inkoko, Wazulu inkukhu. Ukifika Zimbabwe, Washona wanasema huku. Masikio yatakuambia Washona walimsikia kuku vingine. Usiyasikilize.

Fanya hivi: tafuta neno jingine ambalo halina uhusiano wowote na mlio, lenye umbo linalofanana, uone limepita njia gani. Sisi tunasema kuni, Wazulu izinkuni, Washona huni. Kuni hazilii. Kumbe Kishona kila kilipokutana na n iliyofuatwa na k, kiliigeuza h. Neno kuku liko katika ngeli ya majina yenye n mbele, basi k ya kwanza ikaguswa na kuwa h, na k ya pili, isiyo na n mbele yake, ikabaki. Hivyo huku. Jogoo hana habari.

Na kwetu je? N ile ilianguka, lakini haikuondoka bure. Wazee wa Mombasa na pwani ya kaskazini hulitamka kaa la moto kwa k kavu, na kaa wa baharini kwa k yenye pumzi, kwa sababu huyu wa baharini alikuwa na n mbele yake zamani. Kuku ni hivyo hivyo. Mwombe mtu anayekitamka Kimvita cha wazee aseme kuku polepole, uweke kiganja mbele ya midomo yake: k ya kwanza inapuliza, ya pili haipulizi. Alama ya n iliyokufa bado iko hewani. Kila ninapowaonyesha wanafunzi jambo hili, ninataka walijaribu kwa viganja vyao, si kwa maelezo yangu.

Sasa vuka bahari. Warumi walikuwa na kitenzi pipire, kulia pii pii kama kinda. Kinda lenyewe likaitwa pipio, na likiwa mtendwa katika sentensi, pipionem. Katika kinywa cha watu wa Gaul, yaani Ufaransa ya kale, p ya katikati ililainika ikawa b, na b iliyofuatwa na i na irabu nyingine ikawa ile j laini ya Kifaransa. Ndiyo njia ile ile iliyolipitisha rubeus, jekundu, hadi rouge. Mwisho wa safari ni pigeon, njiwa. Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi, aliutumia mfano huu kuonyesha kwamba tanakali ikishaingia katika lugha hupata yanayoyapata maneno mengine yote. Njiwa mzima leo anabeba jina la kinda linalolia, na kwenye jina hilo pii ya mwisho imeshazimika.

Waingereza walipokea pipa kutoka Kilatini, filimbi au bomba, neno la ukoo huo huo. Waliitamka kwa i ndefu. Kati ya karne ya 15 na ya 17 hivi, i ndefu zote za Kiingereza zilifunguka zikawa ai, na pipe ikawa paip. Kwa kilio cha kinda wana neno peep, linalosikika bado kama ndege. Ukiyaona hayo mawili pamoja katika lugha moja, moja limechakaa na jingine bado bichi, ujue umeshika mkia wa jambo lenyewe.

Kunguru wa Kichina ana hadithi inayofanana. Jina lake la kale lilikuwa na irabu a, karibu na mlio wake. Irabu hiyo, katika silabi za aina ile, ilipanda kidogokidogo hadi ikawa u, na leo jina hilo linasomwa wu. Kipimo chako ni namba tano: nayo ilikuwa na a, Watibeti wanaiandika lnga hadi sasa, na Wachina leo wanasema wu. Kando ya wu ya kunguru likakaa jina la pili lenye a, ambalo siku hizi ni ya, na hilo linamfaa zaidi ndege yule.

Wamisri wa kale nao walimwita paka miu. Mwanamfalme Thutmose, mwana wa Amenhotep wa Tatu, alimchongea paka wake jeneza la jiwe la chokaa lenye jina Ta-miu, karne ya 14 KK. Maandishi yao hayakuonyesha irabu, kwa hiyo usije ukaapa kwamba walisema miu kama tunavyoisoma. Kikopti, mtoto wa lugha ile, kilitumia herufi za Kigiriki zenye irabu, nacho kina emou. Chukua emou kama taa ya kumulikia nyuma, bila kuiita nakala ya mlio wa enzi za mafarao.

Maana nayo huhama

Jirani yangu ustadh aliniambia siku moja barazani, “Mwalimu, wasiwasi wako huo ulianza kama bangili.” Nikamwomba aeleze. Akaninukulia ubeti wa al-A'sha, mshairi wa Kiarabu wa zama za karibu na kuja kwa Uislamu: mwanamke anapogeuka kuondoka unasikia waswās ya mapambo yake, kama maganda makavu ya mmea wa ishriq yanapotikiswa na upepo. Lisome neno kwa sauti, was-was, utaisikia dhahabu ikigusana. Kutoka hapo likawa mnong'ono. Katika Kurani, sura ya 7, shetani anawanong'oneza Adamu na mkewe, na katika sura ya mwisho waumini wanaomba kinga kutokana na mnong'onezaji huyo. Mnong'ono ukawa shaka inayotiwa moyoni. Lilipotua kwenye Kiswahili likawa hofu: nina wasiwasi na mtoto, hajarudi. Sauti ya mapambo haimo tena.

Kwa maneno kama haya, panga maana kwa tarehe za maandishi, mstari mmoja kwa kila maana, na usiruke hata hatua moja. Na usisahau umbo. Was-was imekuwa wasiwasi na hud-hud imekuwa hudihudi, zote mbili zimepachikwa i pale konsonanti mbili zilipogongana na pale neno lilipotaka kuishia bila irabu. Maneno mawili yakigeuka kwa namna moja, unayo kanuni mkononi. Likigeuka moja peke yake, endelea kutafuta.

Barbaros ya Wagiriki iende kwenye ukurasa huo huo. Iliada, utenzi wa kale wa Homer, inawaita Wakari, watu wa Asia Ndogo, watu wa usemi wa bar-bar, maana yake usemi usioeleweka. Baadaye likawa jina la yeyote asiye Mgiriki, kisha tusi. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 unaiita pwani ya Wasomali Barbaria. Watu waliokuwa na lugha yao kamili, na biashara ya ubani na manemane, wakabandikwa jina la sikio lililoshindwa kuwaelewa. Neno hili lina maumivu, na anayelifuatilia ayaandike pia.

Wasikilize wataalamu wa kale

Hatukuanza sisi. Yaska, mfafanuzi wa Kisanskriti aliyeishi karne kadhaa kabla ya Kristo, anaandika kwamba kāka, kunguru, ni mwigo wa sauti, na kwamba jambo hili ni la kawaida kwa majina ya ndege. Papo hapo anamtaja mwenzake Aupamanyava anayekataa kwamba mwigo wa sauti upo, na kumfafanua kāka kuwa ni yule anayestahili kufukuzwa. Nikiangalia kunguru wa hapa wanavyoiba vifaranga, namwelewa Aupamanyava, lakini naungana na Yaska.

Anayenifunza zaidi ni al-Khalil wa Basra, mtaalamu wa Kiarabu wa karne ya 8, ambaye maneno yake yamehifadhiwa na mwanasarufi Ibn Jinni katika karne ya 10. Alisema Waarabu walisikia katika sauti ya panzi mvuto usiokatika, wakaiita ṣarra. Katika sauti ya kozi walisikia mkatiko, wakaiita ṣarṣara. Herufi ni zile zile. Umbo ndilo linaloonyesha kama sauti inaendelea au inakatika. Nilipolisoma hilo nilikumbuka methali yetu: chururu si ndo! ndo! ndo! Maji yanayotiririka yana neno moja lililovutwa, matone yana neno fupi lililorudiwa. Basi usiangalie herufi peke yake. Uliza: neno limevutwa, limerudiwa, limekatwa, au limegeuzwa irabu?

Swali hilo litakufaa hata kwa Kisumeri, lugha isiyo na ndugu anayejulikana, ambayo huwezi kuifuatilia mbele wala nyuma. Vibao vyake vya udongo, vya miaka kama 4,000 iliyopita, vina dum-dam na dubul-dabal, vikiandamana na kitenzi za, kutoa kelele. Tazama irabu: u kwanza, kisha a. Ni mtindo, na mtindo unaweza kuandikwa hata pasipo ukoo.

Kabla hujaamini

Kuna maneno yaliyopata sauti nzuri kwa bahati. Fouet ya Kifaransa, mjeledi, inavuma kama mjeledi wenyewe. Asili yake ni fagus, jina la mti. Glas, kengele ya msiba, inalia kama kengele. Imetoka classicum, ishara ya tarumbeta. Saussure aliyataja haya kuonya watu. Kwa hiyo siku zote rudi nyuma hadi umbo kongwe zaidi lililoandikwa, ndipo uamue.

Na kuna yanayofanana bila kuwa ndugu. Kekeo wa Ulaya ni kokkyx kwa Kigiriki, cuculus kwa Kilatini, cuckoo kwa Kiingereza. Wahindi nao wana kokila, ndege wa jamii hiyo. Usichore ukoo. K ya kale ikifika Kiingereza kwa urithi huwa h: Kilatini kina cornu, Kiingereza horn, Kilatini centum, Kiingereza hundred. Cuckoo ingekuwa ya urithi ingeanza na h. Tena Kiingereza cha kale kilikuwa na jina jingine la ndege huyo, gēac. Cuckoo ni ngeni, au imenakiliwa upya kwa ndege mwenyewe.

Ukiwa tayari kuandika, tumia ukurasa mzima kwa neno moja. Juu, mlio kama ulivyousikia, na mahali uliposikia. Chini yake, maumbo kwa mpangilio wa tarehe, kila moja na aina yake: mlio, jina au kitenzi. Upande wa kulia, neno shahidi lisilo la mlio, kama kuni kwa kuku au rouge kwa pigeon. Likikosekana neno shahidi, acha nafasi hiyo wazi kwa kalamu ya risasi. Maandishi ya Kigiriki na Kilatini yanapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Perseus, na kamusi ya Kisumeri ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania nayo iko wazi. Kwa Kimvita, Kipemba na Kiamu hakuna kitakachokufaa kuliko mzee aliye tayari kutamka na wewe kuweka kiganja.